Mama hajaambiwa ugonjwa wake: nani mwenye uamuzi, na je, shamba liuzwe?

Swali

Shikamoo mama. Ninakuandikia kutoka Ujiji. Mama yetu ana miaka 68 na ni mjane. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Tangu mwaka jana alikuwa akitokwa damu, akaona haya kusema. Mwezi uliopita alichukuliwa kipimo cha kinyama, yaani alikatwa kipande kidogo cha nyama ya mwili kikapimwe, na majibu yakaonyesha saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu. Daktari alimwita kaka yetu mkubwa pembeni akamweleza yeye peke yake. Mama ameambiwa ana uvimbe mdogo wa kizazi. Kaka alipiga picha karatasi ya majibu akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na sasa anataka kumpeleka mama Dar es Salaam upesi. Ili kupata fedha amepata mnunuzi wa shamba la michikichi aliloliacha baba kijijini. Mama amekataa kwenda. Anasema uvimbe mdogo haumtoi mtu kwake. Kaka ameandaa karatasi ili mama aweke dole gumba, yeye aamue kila kitu, na anasema sisi tunaopinga kuuza shamba tunataka mama afe. Dada yetu ni mwalimu wa shule ya serikali Urambo, mimi ninauza dagaa Kibirizi, na mdogo wetu hana kazi. Nani mwenye haki ya kuamua? Mama akibaki nyumbani, tutakuwa tumemuua? Na shamba je?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu mengine yote yanalitegemea: mwenye uamuzi ni mama yenu. Si kaka, si wewe, si daktari, wala si kikao cha ukoo. Lakini hilo kataa lake mnalogombania bado halijawa kataa, kwa kuwa alichokikataa ni safari ya kutibiwa uvimbe mdogo, na mtu yeyote mwenye busara angeikataa. Safari ya kutibiwa saratani hajawahi kuulizwa. Kwa hiyo ninyi mnabishana juu ya jibu la swali ambalo halijaulizwa, na kaka yenu ametafuta mnunuzi wa shamba kabla ya mwenye mwili kujua mwili wake una nini.

Msingi wa kisheria wa jambo hili haukuanza jana. Mahakama zetu zimerithi kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba kumgusa mtu mzima mwenye akili timamu bila ridhaa yake ni kosa dhidi yake, hata kama anayemgusa ana nia njema na kisu chake ni cha daktari. Ndiyo maana kuna fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Ridhaa yenyewe ina masharti: anayeitoa aelezwe ugonjwa, tiba inayopendekezwa, faida yake, madhara yake, na kitakachotokea asipotibiwa, tena kwa lugha anayoielewa, kisha akubali bila kusukumwa. Mgonjwa asiyeambiwa jina la ugonjwa wake hawezi kutoa ridhaa, na kwa sababu hiyo hiyo hawezi kukataa. Mimi nimekaa miaka mingi katika kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, na sijakutana na kifungu cha sheria ya Tanzania kinachosema kwamba mtoto wa kwanza wa kiume humwamulia mzazi wake matibabu wakati mzazi mwenyewe anasikia na kusema. Ni desturi, na desturi hiyo ina heshima yake pale ambapo mzazi mwenyewe ameiomba.

Ninajua kwa nini mmemficha. Mnaogopa akisikia neno saratani atakata tamaa na kulala asiamke. Sitawalaumu, kwa sababu nasi tuliwahi kufanya hivyo. Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku, na alipopata saratani ya koo la chakula tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Alikaa miezi mitano akitusubiri tumpe dawa ya vidonda vya tumbo. Aliagiza mbegu za msimu ambao sisi tulijua hatauona, na mimi ndiye niliyekwenda kuzinunua. Baada ya mazishi walikuja watu wawili, mmoja akisema anamdai ng'ombe, mwingine akisema alikuwa amemuuzia baba sehemu ya uwanja na hajalipwa, na sisi hatukuwa na neno la baba la kuthibitisha wala kukanusha. Angalijua, angalituita akatuambia anadaiwa na nani na anamdai nani. Mpaka leo deni la yule wa ng'ombe sijui kama tulilipa haki au tulilipa uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu aliyeficha hakuwa mgonjwa.

Sasa, namna ya kumwambia. Ugonjwa huu ni wa sehemu ambayo mama wa makamo yake hawezi kuitamka mbele ya wanawe wa kiume, na pengine ndiyo maana alivumilia damu mwaka mzima. Kwa hiyo kaka yenu, hata kama ana mapenzi kiasi gani, siye mtu wa kulibeba neno hili. Rudini kwa daktari aliyesoma majibu au kwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mkaombe mama aonwe faraghani, pamoja na muuguzi wa kike, na mtu mmoja ambaye mama mwenyewe amemchagua, awe wewe, mama mdogo, au shoga yake wa siku nyingi. Daktari aanze kwa kumwuliza anaelewa nini kuhusu hali yake, na anapenda kujua kiasi gani. Swali hilo la pili msiliruke. Wapo wazee wanaosema: "Mimi sitaki kusikia, mwambieni mwanangu fulani, atakaloona yeye ndilo." Akisema hivyo, ameamua, amemteua mtu wa kuamua kwa niaba yake, na uteuzi huo mnapaswa kuuheshimu hata kama aliyeteuliwa siye kaka. Akitaka kujua, aambiwe, na atajwe ugonjwa kwa jina lake. Hatakuwa wa kwanza kusikia neno hilo: saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kwetu kuliko saratani nyingine yoyote, na chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018 kwa sababu ya wingi huo.

Kuhusu ile picha iliyotumwa kwenye kundi la ukoo, mwombeni kaka aifute leo, na kila aliyeipokea aifute. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini hata pasipo sheria, hebu fikiria mama anasikia ugonjwa wake kwa jirani ambaye mkwewe yumo kwenye kundi hilo.

Kabla hamjamuuliza mama anataka nini, mnahitaji kujua anachoulizwa hasa, na hapa ndipo familia nyingi ninazokutana nazo hukosea, kwa kudhani kwamba njia ni mbili tu: kwenda Dar es Salaam au kukaa kungoja kifo. Saratani ya shingo ya kizazi iliyofika hatua ya tatu kwa kawaida haitibiwi kwa upasuaji; hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za kemia. Mionzi ya nje hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa muda wa wiki tano hivi, dawa ya kemia kwa kawaida mara moja kwa wiki katika muda huo huo, kisha hufuata mionzi ya ndani, na madaktari hupenda yote yamalizike ndani ya wiki nane. Hatua ya tatu si ya kukatia tamaa: wapo wagonjwa ambao hutibiwa kwa lengo la kupona kabisa, na wapo wanaopona. Lakini inategemea. Katika hatua hii uvimbe unaweza kubana mirija inayotoa mkojo kwenye figo, na figo zikishadhoofika ile dawa ya kemia inayotumika zaidi huwa hatari, kwa sababu yenyewe pia huumiza figo. Damu aliyopoteza kwa mwaka mzima nayo lazima ipimwe, na huenda akahitaji kuongezewa kabla ya safari yoyote. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa daktari liwe hili: kwa hali ya mama ilivyo, figo zake na damu yake, tiba hii inakusudia kumponya au kumpunguzia mateso? Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye maamuzi tofauti kabisa, na mara nyingi familia huuza mali zake bila kuwahi kuuliza.

Swali la pili ni mahali. Mionzi haipatikani Kigoma. Inapatikana katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na pia katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni karibu zaidi na ninyi. Kati ya Kigoma na Dar es Salaam kwa reli kupitia Tabora ni kilomita zaidi ya 1,200, na kumpitisha mama anayetokwa damu katika safari hiyo si jambo dogo. Ombeni daktari wa Maweni awasiliane kwanza na hospitali mnayokusudia, ajue foleni ya mionzi ni ya muda gani na vipimo vipi vifanyike huku huku, msije mkafika mkapangiwa tarehe ya mwezi unaofuata huku fedha za kula zikiwa zinaisha kwenye nyumba ya kulala wageni.

Ipo pia njia ya tatu. Hata pale ambapo kupona hakutarajiwi, mionzi ya siku chache inaweza kuzuia damu na kupunguza maumivu. Na ipo tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kumtunza mgonjwa asiumie, asinuke, asikose usingizi, na asiwe peke yake, na hii inaweza kutolewa hata nyumbani Ujiji. Mofini ya maji, ikipimwa na mtaalamu, ni dawa halali na ya lazima kwa maumivu makali ya saratani. Haimuui mgonjwa, na haimfanyi mlevi. Ninalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimewaona wazee wakilia usiku kucha huku watoto wao wakiogopa chupa ya dawa.

Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Mama akielezwa yote haya, akayaelewa, kisha akasema anataka kubaki kwake, hamtakuwa mmemuua. Sheria ya jinai inaadhibu kitendo cha kuharakisha kifo cha mtu, hata awe mgonjwa mahututi kiasi gani, na kumsaidia mtu kujiua ni kosa. Hayo hayana mjadala. Kuheshimu kataa la mtu mzima aliyeelewa, huku mkiendelea kumlisha, kumwosha, kumtibu maumivu na kumrudisha hospitali akitaka, ni jambo jingine kabisa. Wala kataa hilo si pingu: akibadilisha mawazo wiki ijayo, mnaanza safari wiki ijayo. Kwa upande wa dini, ninavyofahamu, katika madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa pwani na wa Ujiji wanaifuata, kujitibu kunapendekezwa bila kuwa faradhi pale ambapo tiba haina uhakika wa kuponya. Lakini muulizeni sheikh wenu, na mumuulize baada ya kupata jibu la daktari, ili naye atoe fatwa juu ya hali halisi. Kitakachowafanya muwe na hatia, kwa maoni yangu, ni kumwacha abaki nyumbani kwa sababu ya uongo mliomwambia wenyewe.

Na akikataa, mwulizeni sababu, taratibu, siku tofauti. Katika miaka yangu ya kazi nimegundua kwamba kataa la mzee mara nyingi lina kitu kingine ndani yake. Mmoja anaogopa kufia ugenini akazikwa huko mbali na kaburi la mumewe, maana Waislamu hatukai na maiti. Mwingine anaogopa kuwafilisi watoto. Mwingine hataki kuvuliwa nguo mbele ya madaktari wa kiume. Hofu ya namna hiyo inaweza kuondolewa, au angalau kupunguzwa, na mkishaijua mnaweza kujikuta mnazungumzia Mwanza badala ya Dar es Salaam, au daktari wa kike badala ya wa kiume, na kataa likageuka kuwa sharti.

Nije kwenye ile karatasi ya dole gumba, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mama asiiwekee dole. Hati ya kumpa mtu mamlaka ni uwakala, na chini ya Sheria ya Mikataba uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Maana yake ni kwamba hati hiyo haifanyi kazi wakati ule ule ambao kaka anadhani ataihitaji, yaani mama akiwa hajitambui; na wakati mama anajitambua haihitajiki, kwa kuwa yeye mwenyewe anasema. Kinachobaki ndani yake ni uwezo wa kuchukua akiba yake na kuuza mali zake. Tena makubaliano yaliyopatikana kwa ushawishi usiofaa au kwa kumficha mtu ukweli yanaweza kubatilishwa mahakamani, na sioni jinsi gani dole la mama asiyeambiwa ugonjwa wake litasemwa ni la hiari. Ikiwa mama atataka kaka amsaidie kutoa fedha benki, iandikwe hati ya jambo hilo moja, mbele ya wakili, isomwe kwa sauti, na nakala ibaki kwake.

Kinachofaa zaidi ni mama aseme matakwa yake mapema. Hatuna sheria mahususi inayohusu wosia wa matibabu, kwa hiyo karatasi ya namna hiyo haitakuwa na nguvu ya hukumu. Lakini mama akisema mbele yenu wote na mbele ya daktari kwamba, akifika mahali hajitambui, angependa afanyiwe hiki na asifanyiwe kile, na fulani ndiye aulizwe, daktari akaliandika hilo kwenye faili, basi siku hiyo ikifika mtakuwa na neno lake mwenyewe. Pasipo neno hilo, kwa dharura daktari hufanya lile linaloonekana kumfaa mgonjwa, na Kanuni ya Adhabu inamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, kwa faida ya mgonjwa. Kwa mambo yasiyo ya dharura huwauliza ndugu wa karibu, na ndugu wasiopatana humwachia mgonjwa maumivu ya kungoja.

Sasa shamba. Kwa maelezo yako, baba alifariki miaka minne iliyopita, na hujasema kama mirathi ilifunguliwa. Kama haikufunguliwa, kaka yenu hana shamba la kuuza. Mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa, inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambayo kwa familia kama yenu ni Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi huyo huwajibika kwa warithi wote. Mama yenu ni mmoja wa warithi hao: kwa mirathi ya Kiislamu, mjane aliyeachwa na watoto ana sehemu moja ya nane, mbali na haki yoyote aliyonayo kwa jasho alilotia yeye mwenyewe katika shamba hilo. Na kwa kuwa shamba liko kijijini, kulihamisha kwenda kwa mtu mwingine kunapitia halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mnunuzi anayeharakisha kulipa taslimu bila kuuliza lolote kati ya hayo anajua bei aliyopewa ni bei ya mtu mwenye mgonjwa. Mkiuza hivyo, mnaweza kupoteza shamba na bado mkadaiwa fedha, pale mrithi mmoja atakapokwenda mahakamani na mauzo yakabatilishwa wakati fedha zimekwisha kwenye kodi na nauli.

Sisemi shamba lisiuzwe kamwe. Shamba ni la kutunza watu, na sioni heshima gani ipo katika kuhifadhi michikichi huku mama anateseka kwa kukosa nauli. Ninachosema ni kwamba kuuza kuje mwisho, baada ya kujua kinachotakiwa, na kabla ya hapo kuna milango mingi.

Mlango wa kwanza uko Urambo. Dada yenu ni mtumishi wa serikali, na kila mwezi mshahara wake unachangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, jumla ya asilimia 6, nusu kutoka kwake na nusu kutoka kwa mwajiri. Uanachama huo unamhudumia yeye, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi wamo katika wanaoweza kuandikishwa. Je, mama ameandikishwa? Nimeona familia zikichangishana misikitini huku kadi ya mzazi ingeweza kupatikana kwa fomu na cheti cha kuzaliwa. Kama nafasi zote nne zimejazwa na watoto wenye afya njema, hilo ni jambo la dada na mumewe kulitafakari wao wenyewe, na msimlazimishe. Lakini aulizwe leo, kwa simu.

Ikiwa kaya ya mama ina kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, ulizeni kama bado inapokelewa; ikipokelewa itawasaidia katika vipimo na kulazwa hadi ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Haitawafikisha Ocean Road. Mlango mwingine ni msamaha. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanzishwa mwaka 1993 palikuwepo na utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, na pia wagonjwa wa maradhi sugu, saratani ikiwemo. Mama yenu anaweza kuingia kwa milango yote miwili. Lakini msamaha haumfuati mtu kitandani, lazima uombwe. Mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, mnapata barua inayoeleza hali ya mama, mnaipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa Maweni kabla ya rufaa kuandikwa, na mnamwomba aandike barua ya kwenda na mgonjwa kwa mwenzake wa hospitali mnayokwenda. Msimfiche afisa huyo kwamba lipo shamba na yupo mwalimu. Akigundua baadaye atafunga faili, na atakuwa na haki.

Hata mkipata bima au msamaha, gharama kubwa itabaki, nayo si ya hospitali. Ni ya kuishi. Mama atahitaji mtu wa kumsindikiza, na watu hao wawili watakula, watalala na watapanda daladala kila siku ya mionzi kwa muda wa miezi miwili. Mkiweka makisio ya shilingi 15,000 kwa siku kwa chakula na usafiri pekee, siku 60 ni shilingi 900,000, bado kodi ya chumba, bado nauli ya kwenda na kurudi, bado pato la huyo msindikizaji ambaye huku nyumbani biashara yake imelala. Kama ni wewe, basi wateja wako wa dagaa wahesabiwe. Keti na ndugu zako muiandike hesabu hii kwenye daftari, kila mmoja aandike atakachotoa na lini, mmoja ashike fedha na mwingine ashike daftari. Kuna ndugu yeyote Mwanza au Dar es Salaam mwenye chumba? Jibu la swali hilo moja linaweza kupunguza mzigo kuliko ekari nzima ya michikichi.

Kama bado kuna pengo, angalieni kukodisha shamba kwa msimu mmoja au miwili, mtu avune mikungu ya chikichi na kuwalipa mbele, ardhi ibaki ya warithi. Hilo pia ni lazima warithi wote wakubaliane nalo kwa maandishi. Msikope kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Mkopeshaji mwenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 atawapa mkataba unaosomeka, asiyewapa, muacheni. Na mkikopa, ijulikane tangu mwanzo nani anayedaiwa. Mkopo uliochukuliwa kwa jina la mama utalipwa kutoka katika mali yake kabla ya mrithi yeyote kupata chochote, kwani Qurani yenyewe, katika Suratun Nisaa, inatanguliza wasia na deni mbele ya mirathi. Mkopo uliochukuliwa na kaka kwa jina lake ni deni la kaka, na akitaka kurudishiwa na ndugu, wakubaliane sasa.

Kuhusu kaka yenu, nimesoma maneno yako mara mbili, na sioni mtu mbaya. Namwona mtu aliyebebeshwa pembeni mwa ukuta wa wodi neno zito ambalo halikuwa lake kulibeba peke yake, akarudi nyumbani akaanza kufanya kile anachokijua, yaani kutafuta fedha. Ukimwendea na vifungu vya sheria atadhani umekuja kutetea shamba. Mwendee na ombi: kwamba mnunuzi aambiwe asubiri, na kwamba wiki hii wewe na mama mdogo mumpeleke mama kwa daktari wa kike aelezwe vizuri. Hayo mawili tu. Fedha aendelee kuzitafuta, na hesabu ya daftari aiongoze yeye, maana anaiweza.

Ukienda Maweni, chukua karatasi halisi ya majibu ya kinyama, kadi yoyote ya bima iliyopo, kitambulisho cha mama, na barua ya mtaa. Fika asubuhi, uanzie dirisha la ustawi wa jamii kabla ya foleni ya daktari. Na usiku wa kuamkia siku hiyo, mkiwa wawili, mwulize mama: kesho tunakwenda kwa daktari akueleze hali yako, je, ungependa nani aingie nawe?